Presha ya Mimba: Kabla ya Kuamini Namba, Angalia Mkono

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni presha ya mimba. Dokta Musa, tuanze na mama anayesema, "Mbona sijisikii kuumwa, hiyo presha imetoka wapi?"

MUSA: Dada Zuhura, presha haiumi. Mama anaweza kuwa na 150 kwa 100 na akafua nguo zake vizuri tu. Ndiyo maana tunafuata namba, hatufuati anavyojisikia. Mpaka wetu ni 140 kwa 90. Ikifika mojawapo, ya juu au ya chini, na ikajirudia baada ya muda usiopungua saa 4, hiyo ni presha. Ikifika 160 au 110, hatusubiri. Tunarudia kupima ndani ya dakika 15, na ikiwa bado iko hapo, dawa ianze kabla saa moja haijaisha. Kinachoogopwa hapo ni mshipa wa kichwani kupasuka.

ZUHURA: Lakini kuna presha ya mama, na kuna presha ya upimaji mbovu. Mama ameingia anahema, amebanwa na mkojo, amekunja nne, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya sweta, na anayempima anamuuliza maswali. Namba itakayotoka hapo si ya kuandika kwenye kadi.

MUSA: Haya, mpange vizuri.

ZUHURA: Akakojoe kwanza. Akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Kahawa na sigara viwe mbali kwa nusu saa kabla. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani, mkanda usawa wa moyo. Halafu angalia saizi ya mkanda: kwenye mikanda mingi imechapishwa mzingo wa mkono kwa sentimita. Chukua futi kamba, pima katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mama anaanzishiwa dawa asiyoihitaji.

MUSA: Mimi naliogopa zaidi kosa la upande wa pili, lile la kuificha presha. Mama amepimwa, imetoka 160. Anaambiwa, "Lala ubavu wa kushoto upumzike, tutarudia." Anapimwa mkono wa kulia, ambao sasa uko juu ya moyo. Kila sentimita 10 juu ya moyo hupunguza kama namba 7 hivi. Inasomeka 145, watu wanashusha pumzi, kumbe presha haijasogea. Kilichobadilika ni mahali mkono ulipo.

ZUHURA: Na mashine za nyumbani?

MUSA: Ni nzuri, ila baadhi husoma chini ya ukweli kwa mama mwenye preeklampsia. Aje nayo kliniki, zipimwe zote mbili mkono uleule, tuone tofauti.

ZUHURA: Hilo neno lieleze, maana mitaani kila kitu ni "kifafa cha mimba".

MUSA: Na jina hilo linaponza watu, kwa sababu wanasubiri kuona mtu akitetemeka. Presha iliyokuwepo kabla ya mimba au kabla ya wiki 20 ni ya zamani. Ikianza baada ya wiki 20 peke yake, ni presha ya ujauzito. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo vimeguswa, hiyo ni preeklampsia. Degedege huja mwishoni, na kuna wanaolipata bila kupita hatua zote hizo.

ZUHURA: Chanzo chake ni kondo.

MUSA: Mara nyingi mambo yaliharibika mapema, mimba ikiwa bado changa. Mishipa ya mji wa mimba inayolisha kondo ilitakiwa kutanuka, haikutanuka vya kutosha. Kondo likikosa damu humwaga kemikali zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa ya mama, mwili mzima. Figo zinavujisha protini, ini linavimba. Kwa hiyo mkojo ukiwa safi usimwachie mama aende. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka chini ya 100,000 pamoja na presha, inatosha kuiita preeklampsia.

ZUHURA: Ini likivimba, maumivu huja kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na hapo ndipo mama hupewa dawa ya kiungulia. Kiungulia huchoma na kupanda kooni. Haya hubana, hukaa palepale, mara nyingine na kutapika. Lakini asikae nyumbani kuyachambua: mjamzito wa zaidi ya wiki 20 mwenye maumivu hayo apimwe presha siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, macho kuona vimulimuli, kuishiwa pumzi, mtoto kupunguza kucheza, au uso kuvimba ghafla. Miguu kuvimba jioni ni kawaida ya wajawazito wengi.

MUSA: Kuzuia: aspirini ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila siku, usiku ni bora, ianze wiki ya 12, na kuianza kusivuke ya 16. Si ya kila mjamzito. Ni ya aliyewahi kupata preeklampsia, mwenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani, na wengine daktari atakaoona wana hatari. Wasiopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula hupewa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa mafungu, mbali na vidonge vya madini ya chuma. Vikimezwa pamoja, chuma hakifyonzwi vizuri.

ZUHURA: Na kuacha chumvi kabisa? Kulala kitandani?

MUSA: Havizuii preeklampsia. Kulala muda wote kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

ZUHURA: Dawa za presha je?

MUSA: Methyldopa, labetalol, nifedipine. Captopril, enalapril na losartan huharibu figo za mtoto tumboni, kwa hiyo anayezitumia abadilishiwe mara mimba inapojulikana. Nasema abadilishiwe, asiache mwenyewe akabaki bila dawa. Na tusiiporomoshe presha kwa pupa, kondo litakosa damu.

ZUHURA: Magnesiamu salfeti nayo wengi hudhani ni dawa ya presha.

MUSA: Hapana, ni ya kuzuia degedege. Kwa njia ya sindano za misuli: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho.

ZUHURA: Na kabla ya kila dozi mkunga anagonga goti. Mguu usiporuka, dozi haichomwi. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 100 kwa saa 4. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe karibu, kwa sababu dawa ikizidi, pumzi husimama.

MUSA: Tiba ya preeklampsia ni kondo kutoka. Ikifika wiki 37 hatusubiri tena, na ikiwa kali tunamzalisha mapema zaidi. Baada ya mtoto kutoka, ergometrini, dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi, isiguswe, inapandisha presha. Badala yake tumia oksitosini.

ZUHURA: Halafu mama anaruhusiwa, watu wanashangilia.

MUSA: Wakati presha mara nyingi hufika kileleni siku ya 3 hadi ya 6, akiwa ameshafika nyumbani. Apimwe siku hizo. Kichwa kikimuuma vibaya arudi, hata kama mimba haipo tena. Wiki ya 6 ikiwa bado juu, tunachunguza presha ya kudumu. Ikiwa imeshuka, aendelee kupimwa kila mwaka, maana hatari yake ya magonjwa ya moyo imeongezeka.

ZUHURA: Na kwenye kadi aandikiwe: ilianza wiki ya ngapi, ilifika ngapi, alijifungua wiki ya ngapi. Akishika mimba nyingine aje nayo mapema, aspirini iwahi wiki ya 12.