Hapana, huku roboti haing'oi watoto meno

Jambo yenu bana Lubumbashi, wa mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo, hata nyinyi mnaoniangalia mkiwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa. Leo sipiki na sionyeshi duka. Tangu niweke ile video fupi ya binti yangu kwenye kiti cha dokta wa meno na karoboti kando yake, swali ni lile lile kila siku, "yaya, huko roboti ndiyo inang'oa watoto meno?" na la pili, "ni franga ngapi?" Halafu kuna wale wengine, "huyu naye anajidai, hata meno ya mtoto wake lazima tuyaone." Sawa. Nikisema Ubelgiji kuzuri najidai, nikisema kunachosha mnaniambia si urudi. Basi nasema tu.

Ile kitu haing'oi chochote. Najua mkisikia roboti mnaona yale ya rulaje ya Kinshasa, ya injinia Thérèse Izay, mijitu ya aluminiamu iliyoanza kusimamisha magari 2013. Haka ni kadogo, kanaitwa NAO, sentimita 58, kakisimama kando yako kanakupita goti kidogo tu. Kazi yake ni kupiga domo na mtoto. Walikuwa wamekaweka juu ya kimeza cha magurudumu, macho yanabadilika rangi, kanamwambia binti yangu "tupulize pamoja, fuuu", kananyanyua mikono, mtoto anapuliza, na wakati huo huo dokta anapitisha sindano ya ganzi chini ya kidevu ili asiione. Nyuma ya kioo kuna mwanafunzi na kompyuta, yeye ndiye anachagua neno gani kaseme. Eeh, ni mtu! Sasa katikati ya kuziba jino chaji ikaisha, karoboti kakainamisha kichwa kama mlevi wa Jumapili, binti yangu akacheka na mdomo wazi, na dokta akabaki na mashine yake juu akisubiri.

Kama inasaidia? Kwa mtoto wangu ilisaidia, wa jirani alilia mpaka mwisho. Lakini si maneno yangu tu, Calgary kule Kanada walichukua watoto 57 waliokuja kuchanjwa mafua, wengine wakachanjwa NAO ikiwaongelesha na kuwaambia wapulize vumbi kwenye kitu cha kuchezea, wengine bila, na waliokuwa na roboti walionyesha maumivu madogo kuliko wale wengine. Ilitoka 2013. Istanbul nako wamejaribu roboti kwa watoto waliokuja kutibiwa meno. Mtoto akiweka akili kwenye kitu kingine, na akipumua polepole, mwili unalegea. Lakini ganzi ni ganzi, roboti haichukui nafasi yake, msije mkaniambia nimesema.

Haya, franga. Roboti sikulipia, walikuwa wanajaribu tu. Kilichoniua ni makaratasi. Huku mtoto chini ya miaka 18 matibabu ya kawaida ya meno mituweli, yaani bima ya afya, inarudisha hela yote, ila dokta awe amesaini makubaliano ya bei. Asiyesaini anaweka bei anayotaka na tofauti ni yako. Mimi dokta wa kwanza niliyempata hakuwa amesaini, na hakuna aliyenieleza, faktura ikaja nikakaa chini. Nikaenda kulalamika mituweli, wakaniambia dosie yangu imefungwa kwa sababu kadi ya ukaazi imekwisha, komini, ile ofisi ya mtaa inayotoa kadi, nao wananiambia kadi iko njiani, nikae na kakaratasi ka muda, na kale kakaratasi mama wa gishe hakataki hata kukaangalia. Jino la mtoto linaoza, sisi tunasubiri muhuri. Na wiki hiyo hiyo shangazi mmoja, simtaji, anapiga simu kwamba nimesahau familia kwa sababu sijatuma za matanga. Shangazi, zilikuwa kwenye jino!

Sasa kuna dokta mmoja wa huko ameniandikia anataka kununua moja aweke kabine yake. Papa, kwa heshima, ni maelfu ya euro, na Aldebaran, kampuni ya Paris iliyoitengeneza, 2025 ilifilisika, kikivunjika kidole utatafuta spea wapi? Hiyo hela mimi ningenunua ganzi nzuri na jenereta, lakini ni mimi, wewe unajua kabine yako.

Na bamama mnaouliza mfanye nini bila roboti, mimi si dokta, kila mtoto na kichwa chake. Kwangu, kabla ya kukutana na karoboti, kilichosaidia ni kuacha kumtisha na "nitakupeleka kwa dokta akuchome", maana sisi wote tulikua na hiyo halafu tunashangaa mtoto anakimbia koti jeupe. Mwombe dokta amuonyeshe kakioo kwanza, akashike, amguse nako ukucha, ndiyo kaingie mdomoni. Mkubaliane akinyanyua mkono dokta anasimama, na asimame kweli. Wimbo kwenye simu pia unafanya kazi. Kama kwako haikufanya kazi usinirudie na matusi.

Naenda kazini, niko zamu ya usiku. Na wewe unayeniandikia kila asubuhi kuhusu viza, nimekuona, sina viza ya kugawa, hata yangu mwenyewe iko komini.