Emil Fischer: Kutoka Shira Hadi Kufuli na Ufunguo

REHEMA: Karibuni. Leo ni Emil Fischer, mkemia Mjerumani aliyezaliwa 1852, aliyeitumikia sukari miaka mingi. Baba yake alitaka amrithi kwenye biashara. Ikashindikana, ndipo kijana akapelekwa chuo kikuu.

JUMA: Ngoja kwanza, dada. Sukari ina ugumu gani hata imlie mtu miaka yote ile?

REHEMA: Inakataa kuganda. Mkemia wa zama zile alitambua kitu kwa fuwele zake: anazisafisha, anapima zinayeyuka kwenye joto gani, anajua ameshika nini. Sukari isipokuwa safi kabisa inabaki shira, imenata chini ya chupa. Sasa shira utaitambuaje?

JUMA: Ndipo inapoingia fenilihidrazini, ile dawa yake ya maabara.

REHEMA: Hapo hapo. Aliigundua 1875 akiwa Strasbourg, kwa mwalimu wake Adolf von Baeyer, wala hakuwa na habari na sukari. Mwaka 1884 akaipasha moto pamoja na sukari, zikajitenga fuwele za njano, safi. Zikaitwa osazoni. Lakini glukosi, manosi na fruktosi, aina tatu za sukari, zote zikatoa osazoni ileile.

JUMA: Si hasara hiyo? Alitaka kuzitofautisha, zimekuwa kitu kimoja!

REHEMA: Mtu mwingine angekasirika. Fischer akaona kwamba dawa ile inagusa kaboni mbili za mwanzo tu kwenye mnyororo wa kaboni wa sukari, na kufuta tofauti iliyokuwa hapo. Kwa hiyo kaboni zilizobaki, kwenye sukari zote tatu, zimepangwa sawasawa. Mimi hapo namvulia kofia.

JUMA: Kisha akaitengeneza glukosi mwenyewe.

REHEMA: Mwaka 1890, akiwa Würzburg, kwa kuanzia na vitu sahili kama gliseroli. Mwaka uliofuata akapanga ukoo mzima wa sukari za namna hiyo. Glukosi ina kaboni nne ambazo kila moja inaweza kukaa kwa namna mbili, hivyo kuna maumbo 16. Akaonyesha glukosi ni lipi kati ya hayo. Sehemu moja tu ilibidi achague bila ushahidi: umbo lenyewe au pacha wake wa kwenye kioo.

JUMA: Akabahatisha?

REHEMA: Hakukuwa na njia ya kujua. Mwaka 1951 mkemia Bijvoet, kule Uholanzi, akatumia miale ya eksirei, ikaonekana Fischer alipatia.

JUMA: Na fenilihidrazini ikamlipa nini?

REHEMA: Sumu. Ilimharibu ngozi ya mikono na tumbo, akaugua muda mrefu. Tuzo ya Nobel ya 1902, kwa kazi ya sukari na ya purini, yaani jamii ya kafeini, ilimkuta afya imekwishatetereka.

JUMA: Twende kwenye vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za kemia katika viumbe, maana ndiko nilikotaka kufika.

REHEMA: Alikuwa amehamia Berlin. Akachukua glukosi na methanoli, aina ya alkoholi, akaziunganisha kwa asidi, akapata maunganisho ya aina mbili: alfa na beta. Tofauti yao ni kaboni moja tu, kile kilichofungwa pale kinaelekea upande huu au ule. Akayaachia vimeng'enya viwili vijaribu kuyakata. Cha hamira kikakata alfa, beta hakikuigusa. Emulsini, kimeng'enya cha lozi, ikakata beta na kuiacha alfa. Akajaribu pia maunganisho ya yule pacha wa kwenye kioo, na vimeng'enya vyote viwili vikakataa.

JUMA: Vimeng'enya vinaona kuliko mkemia.

REHEMA: Ndiyo maana 1894 akaandika kwamba kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi lazima viingiane kama kufuli na ufunguo. Mwanabiokemia Daniel Koshland akaja 1958 akasema kufuli lenyewe hujirekebisha kidogo ufunguo unapoingia. Mimi siyaoni kama mashindano.

JUMA: Leo wakemia wa sukari wanatumia kipi, asidi au vimeng'enya?

REHEMA: Vyote. Kwa njia ya kemia tupu, glukosi ina mikono mingi ya haidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, inayofanana. Ukitaka kushika mmoja, sharti uifunike mingine, ufanye kazi, kisha uifunue. Hatua juu ya hatua, na kila hatua inakula mali. Kimeng'enya kinakwenda moja kwa moja pale pale.

JUMA: Lakini emulsini inakata. Mimi nataka kujenga.

REHEMA: Swali zuri, kaka. Mwaka 1998 kundi la mkemia Stephen Withers, Kanada, lilichukua kimeng'enya cha bakteria kiitwacho beta-glukosidasi, yaani jamii ya emulsini. Wakabadilisha asidi amino moja, yaani tofali moja la protini hiyo, ile inayoshika sukari wakati wa kukata. Makali yakaisha. Wakakipa glukosi iliyofungwa florini upande wa alfa, kikaanza kuunganisha, na kwa kuwa hakiwezi kukata tena, kilichojengwa kinabaki.

JUMA: Asidi amino moja tu?

REHEMA: Moja.