Vichwa vya mazoezini ndo vinavyonitisha

Makocha wenzangu, wazee shikamooni, vijana mambo. Sitawachosha maana hili joto la Mtwara mnalijua wenyewe.

Hii nazi nimeibeba makusudi. Hebu wewe hapo mbele itikise sikioni, unasikia maji? Kifuu hakina hata ufa ila ndani kunacheza. Ndo ubongo ukipiga kichwa mpira wa kona, fuvu liko poa, hujazimia wala nini, ndani kumetikisika.

Sisi tunamwogopa anayezimia tu. Mi mwenyewe niliwahi kuwa na beki, dogo mmoja, kagongana vichwa kwenye ndondo, kainuka ananiuliza "kocha ngapi ngapi?", namjibu, hata dakika haijaisha ananiuliza tena, nikammwagia maji baridi kichwani nikamrudisha ndani na watu wakapiga makofi eti dogo jembe. Aibu yangu hiyo.

Sasa sikilizeni. Glasgow kule Scotland, 2019, walifuatilia wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wakawalinganisha na watu wa kawaida kama 23,000. Kwa moyo wachezaji walikuwa na nafuu, ila kufa kwa magonjwa ya ubongo kama dimenshia, ule wa kupoteza kumbukumbu, walizidi mara 3.5 hivi. Baadaye wakaangalia namba za uwanjani, mabeki ikapanda mpaka kama mara 5, makipa haikuonekana tofauti ya wazi na watu wa kawaida. Kipa anadaka, beki anapiga vichwa, haya jazeni wenyewe. Haijathibitisha kila kitu, sema mi siwezi kuipuuza.

Najua kuna mtu atasema mipira ya zamani ya ngozi ilikuwa inalowa inakuwa jiwe. Kweli, Jeff Astle, straika wa zamani wa West Brom ya Uingereza, alifariki 2002 ana miaka 59 na uchunguzi rasmi wa kifo ukasema ni kazi yake ya kupiga vichwa ndo ilimmaliza. Ila wa leo nao ni gramu 410 mpaka 450 na unakuja na spidi.

Wenzetu Marekani tangu 2015 mtoto wa miaka 10 kushuka chini hapigi kichwa, na Uingereza 2021 hata mapro wakaambiwa mazoezini vichwa vizito, vile vya krosi, kona na pasi ndefu, visizidi 10 kwa wiki. Kumi! Sisi tunawapanga watoto foleni, krosi baada ya krosi, mpaka adhana ya magharibi.

Watoto wa timu yangu mi nimewakataza, mpira wa juu wanautuliza kifuani. Nani kauliza kona? Kona tunaanza fupi, na ndiyo, tushafungwa kwa ajili hiyo, na wazazi walininunia wiki nzima.