Nyuma Kimya, Mbele Kelele: Kuendesha na Kurekebisha Redio na Skrini za Gari la Familia

Habari zenu, karibuni. Leo nimekaa kiti cha nyuma. Dereva huku hafiki, ndiyo maana hajui kinachoendelea. Juu ya kichwa changu kuna skrini inayoning'inia kwenye dari, mkononi nina rimoti, na hapa pembeni nina hedifoni mbili zisizo na waya. Kwanza tutauendesha mfumo huu ukiwa mzima, halafu nitauvuruga makusudi, kosa moja baada ya jingine, ili uone dalili na dawa yake. Kama gari lako lina skrini mbili mgongoni mwa viti vya mbele, usiondoke. Mambo ni yale yale, vitufe tu ndivyo vimehama.

Kabla hujagusa kitu, elewa kwamba hili gari ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Mbele wana redio na spika zao, nyuma wana skrini na hedifoni zao. Vyumba hivi vinaweza kusikiliza kitu kimoja, au kila kimoja kikashika lake. Nikiambiwa "nyuma pamekufa", mara nyingi ninachokikuta ni vyumba viwili visivyoelewana tu, wala hakuna kilichoharibika.

Haya, tuwashe. Zungusha ufunguo mpaka ACC, yaani pale ambapo redio inawaka na injini bado imelala. Magari mengi ya kitufe, unabonyeza mara moja bila kukanyaga breki. Ila kumbuka kwamba hapo unakula betri. Betri ya gari iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, na ikishuka kwenye 12 imekaribia kuisha. Katuni moja ndefu betri mpya itaivumilia, betri iliyochoka itakuacha hapo hapo. Kwa majaribio marefu kama ya leo mimi nawasha injini, na nawashia nje. Usiache injini inanguruma ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una gesi isiyo na harufu na inaua.

Redio imeamka. Sasa angalia kidole changu. Hiki kilichoandikwa SOURCE, wengine wameandika MODE au MEDIA, kinachagua kinachosikika mbele. Nyuma wana chaguo lao, na mara nyingi utalipata kwenye rimoti, au kwenye ukurasa ulioandikwa REAR katika skrini ya dashibodi. Bonyeza REAR, chagua diski, au tundu la kuchomekea kifaa cha nje: USB, HDMI au AUX. Kisha shusha skrini ya dari mpaka isikike "tak". Ukiiacha nusu, baadhi hazijiwashi kabisa, na hata ikiwaka itayumba njia nzima.

Picha hiyo, imekuja. Sasa sauti itokee wapi? Ukitaka wote wasikie, weka mbele chanzo kile kile cha nyuma. Ukitaka watoto wasikilize peke yao na wewe ubaki na redio yako, wavae hedifoni. Hapa watu wanashtuka: mifumo mingi, nyuma wakianza kutumia hedifoni, inazima spika za nyuma yenyewe. Anayesafiri kiti cha nyuma bila hedifoni anaona mdomo unacheza, sauti haisikii. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa tuingie kwenye hedifoni zenyewe, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Hedifoni nyingi zinazokuja na gari hazitumii Bluetooth. Zinapokea mwanga, mwanga ule ule wa rimoti ya televisheni usioonekana kwa macho. Skrini inatupa mwanga, hedifoni inaudaka. Kitu kikikaa katikati, sauti inakatika. Nafunika hapa kwa kiganja, umesikia? Kelele za mchanga, halafu kimya. Mtoto akijifunika blanketi mpaka kichwani, au akilala ubavu na sikio likageukia mlango, ni hivyo hivyo. Jua kali likiingia moja kwa moja dirishani nalo linasumbua. Na kuna hedifoni ambazo ukizivaa kinyume, L kwenye sikio la kulia, kidirisha cha kupokea mwanga kinatazama nyuma ya gari. Geuza tu.

Utajuaje kama skrini inatoa mwanga? Chukua simu, fungua kamera, ya mbele ni nzuri zaidi kwa sababu kamera kuu za simu nyingi huchuja mwanga huu. Elekeza kwenye kioo hiki cheusi kando ya skrini. Unaona vile vitone vya zambarau? Basi skrini ni nzima, tatizo liko kwenye hedifoni. Fanya vivyo hivyo kwa rimoti: bonyeza kitufe chochote ukiitazama kwa kamera. Ikimulika, rimoti ni hai. Isipomulika, anza na betri zake.

Tukiwa hapo kwenye betri, hedifoni hizi mara nyingi hutumia zile nyembamba za AAA. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na iliyotumika. Nyingi hujizima zikikosa mawimbi kwa dakika chache, kwa hiyo taa ikiwa imezimika, bonyeza tena kabla ya kulaumu betri. Halafu tafuta swichi ndogo ya A na B, au 1 na 2. Hiyo ni njia. Gari la skrini mbili linarusha sauti mbili kwa wakati mmoja, na hedifoni iliyowekwa B haitasikia filamu iliyo A. Watoto wanazichezea hizi swichi kama shanga. Kama za kwako ni za Bluetooth kweli, sahau mambo ya mwanga, hizo zinaunganishwa kama simu.

Sasa nakwenda kuvuruga. Nabonyeza rimoti, hakuna kitu. Kamera inaonyesha rimoti inamulika. Skrini inawaka. Tatizo? Nimefunga nyuma kutoka mbele. Kwenye dashibodi kuna kufuli la vidhibiti vya nyuma, limewekwa ili mzazi awe na kauli ya mwisho, na likifungwa rimoti na vitufe vya nyuma vinakuwa mapambo. Nawaambia kwa aibu: niliwahi kuteremsha dari nusu nzima, skrubu zimejaa kwenye bakuli, kumbe mtu mdogo wa miaka minne alikuwa amekaa mbele na kuligusa hilo kufuli. Siku hizi naangalia kufuli kabla sijashika bisibisi.

Diski. Ikiandika kwamba haisomeki, itoe, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Asubuhi ya baridi lenzi huweza kuwa na umande, acha gari lipate joto kidogo ujaribu tena. Ikisema eneo si sahihi, basi si uchafu. DVD zimegawanywa kwa maeneo: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Japani na Ulaya Magharibi, na sehemu kubwa ya Afrika iko 5. Gari lililotengenezewa soko la Japani linaweza kukataa diski ya kwenu ikiwa safi kabisa. Gari hilo hilo redio yake ya FM inaanzia MHz 76 na nyingi za zamani zinaishia 90, wakati nchi nyingi zinatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo kama stesheni zako zimepotea, antena haina kosa.

Fleshi. Gari haliioni? Tazama ilivyofomatiwa. Mifumo mingi ya magari, hasa ya zamani kidogo, inataka mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32. Mipangilio mingine, NTFS na exFAT, inaiona kama hakuna kitu. Ukiifomati upya kila kilichomo kinafutika, hamisha mafaili kwanza. FAT32 nayo haibebi faili moja la zaidi ya GB 4, ndiyo maana filamu kubwa inagoma kuingia. Na kama muziki unaimba na video haichezi, inawezekana video imebanwa kwa mtindo mpya wa H.265 ambao gari halijui. Igeuze iwe MP4 ya H.264 kwenye kompyuta. Redio ambayo haikutengenezewa video ya USB, hata ufanyeje, itacheza nyimbo tu.

Simu kwa HDMI. Unahitaji adapta, na si kila simu yenye tundu la USB-C inatoa picha, hilo ni la simu yenyewe. Picha ya mafaili yako ikija vizuri na ya programu fulani ya filamu ikawa nyeusi, huo ni ulinzi wa filamu. Waya mwingine hautasaidia.

Matundu ya rangi tatu wengi mnayajua: njano picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Kuna mtego mmoja. Waya wenye pini moja ndogo upande mmoja na rangi tatu upande wa pili hautengenezwi kwa mpangilio mmoja na wote. Ukisikia mngurumo kwenye spika na skrini haina kitu, hamisha plagi. Chomeka nyekundu kwenye tundu la njano, jaribu. Rangi zinakudanganya, masikio hayakudanganyi.

Sasa spika. Nenda kwenye mipangilio ya sauti utafute FADER, ya mbele na nyuma, na BALANCE, ya kushoto na kulia. Kwanza hakikisha sauti haijasukumwa yote mbele. Hiyo peke yake imewapeleka wengi kwa fundi. Kama iko katikati, tuitumie kama kipimo. Nasukuma yote nyuma kulia. Inaimba. Nyuma kushoto. Kimya. Basi tumepata aliyekufa, ni huyu mmoja. Sasa fungua mlango wake na uufunge polepole muziki ukiendelea. Sauti ikiruka ruka, waya umekatika pale kwenye bawaba, ambapo unapindishwa kila siku. Spika zote nne zikiwa kimya huku redio inahesabu dakika za wimbo, angalia kama umebonyeza MUTE, kisha nenda kwenye fyuzi ya amplifaya, yaani kikuza sauti.

Kuna mlio mwingine, "wiiii", unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Huo unatoka kwenye oltaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, kupitia waya. Chomoa chaja ya simu. Umeisha? Chaja na waya wa AUX ndio wanaugombanisha umeme wa gari. Tumia chaja nyingine, au uache AUX uhamie Bluetooth.

Bluetooth ikigoma, futa pande zote mbili. Watu wanafuta kwenye simu tu, gari linabaki na kumbukumbu ya zamani. Orodha ya gari ikijaa, ondoa simu za wageni. Ikiunganika na unapokea simu lakini muziki hauji, fungua jina la gari kwenye simu yako, kuna alama ya kupiga simu na alama ya sauti ya muziki. Weka zote mbili.

Kila kitu kikiwa kimekufa, fyuzi. Zima gari, toa ufunguo, tafuta mchoro kwenye kifuniko cha kisanduku. Fyuzi bapa zina rangi zake: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20. Iliyokatika, kiuzi chake cha ndani kimeachana. Weka ampia ile ile. Ikikatika tena papo hapo, acha, kuna waya unagusana mahali. Ukiweka ya ampia kubwa zaidi au karatasi ya fedha ya sigara, kitakachoungua ni waya ulio nyuma ya dari, na dari ya gari ni kitambaa na sponji.

Mfumo ukiganda kama kompyuta, shikilia kitufe cha kuwashia redio kwa sekunde kama kumi, nyingi hujizima na kuamka upya. Usikimbilie kuchomoa betri. Redio nyingi zikikosa umeme zinaomba namba ya siri ya kuzuia wizi, na usipokuwa nayo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Tafuta namba kwanza, ndipo ushike spana.

Na skrini ya dereva kuzima video gari likianza kutembea, huo si ubovu. Najua kuna watu wanaunganisha waya wa breki ya mkono ili iendelee. Mimi sifanyi, na hapa sitaonyesha. Skrini ya dari nayo, ikiwa imeshushwa, angalia kama bado unaona nyuma kwenye kioo chako. Na sauti ya watoto ipunguze wewe mwenyewe kabla hawajavaa: Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha watoto kwenye desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, chini ya 80 za mtu mzima.

Ukifika mwisho na bado kimya, lipeleke gari kwa fundi wa umeme, lakini usimwambie "redio mbovu". Mwambie: nyuma kushoto inakata mlango ukifungwa, fyuzi ya 15 ni nzima, hedifoni zinasikia njia A tu. Ataanzia hapo, hatafungua gari zima kukutafutia. Nami sasa nairudisha skrini juu, nazima hedifoni moja moja, nazitia mfukoni mwa kiti. Hii ya pili ilikuwa bado inawaka.