Mutu ni wa darasa la bayolojia pia

Nitalisema tena, walionisikia zamani wanivumilie. Kazi za msanii Wangechi Mutu tusiwaachie walimu wa sanaa peke yao. Kazaliwa Nairobi 1972, uchongaji kasomea Yale, hayo mnayajua, tuyaruke.

Chukueni ile seti yake ya 2006, picha 12, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Jina lenyewe la udaktari, yaani tishu za aina mbalimbali za uvimbe wa kizazi, na chini ya kila picha kuna mchoro wa zamani wa kitiba, viungo vya uzazi vya mwanamke, vingi vina ugonjwa kama huo uvimbe. Juu yake kabandika macho na midomo iliyokatwa kwenye majarida, manyoya, glita. Sasa sogea karibu, kile ulichodhani ni shavu kumbe ni uvimbe uliopasuliwa katikati, na hiyo nyama inakutazama! Mchoro wa kitabu ulimkata mwanamke ukabakiza kiungo, jina hana, uso hana, Mutu kamrudishia uso na ugonjwa hajauficha. Hapa ndipo ninaposimama kila mara kwa sababu mwanafunzi wa udaktari akiitazama vizuri hiyo kazi, kesho wodini itamuwia vigumu kusema tu "ile fibroidi ya kitanda cha dirishani," yaani ule uvimbe wa kizazi, atajua pale kalala mama wa watu.

Mtu ataniambia haya mashetani yanatisha watoto. Jamani! Kitabu cha bayolojia cha sekondari kina moyo uliopasuliwa, kina minyoo ndani ya utumbo, na hatujasikia mzazi kalalamika. Mbona ikiwa ni sanaa ndo inakuwa uchawi?

Halafu kuna virusi, Zika, dengi, surua, kavifinyanga kwa udongo mwekundu na rojo ya karatasi, mipira yenye vinundu unayoweza kuizunguka, yaani kitu ambacho hata hadubini ya shule haikioni.

Na nguva, sanamu yake ya shaba ya 2017, Water Woman, nusu mwanamke nusu samaki, haraka haraka tu. Nguva wa kweli, yule mnyama wa baharini, ananyonyesha, chuchu ziko karibu na kwapa, anakula nyasi za baharini, ndugu yake wa mbali ni tembo, na huku kwetu Bahari ya Hindi anakaribia kuisha. Somo zima la ikolojia hilo.

Yale masanamu yake manne ya jumba la makumbusho la Met, New York, 2019, naoneshwa saa, basi siyafikii. Walimu wa bayolojia msiondoke, picha ninazo kwenye flashi, njooni mchukue.