Fidelio: Waziri, Wafungwa na Waliowasikiliza

Mabibi na mabwana, jioni ya tarehe 20 Novemba 1805, katika jumba la Theater an der Wien mjini Vienna, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Fidelio, opera (yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa) pekee aliyoitunga Ludwig van Beethoven. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameingia mjini humo wiki moja kabla, wapenzi wengi wa muziki walikuwa wamekwisha kukimbia, na sehemu kubwa ya waliohudhuria walikuwa maofisa wa Kifaransa. Baada ya maonyesho matatu tu, opera hiyo iliondolewa jukwaani.

Kisa chake ni hiki. Florestan amefichwa katika shimo la gereza karibu na Sevilla nchini Hispania, kosa lake likiwa ni kusema ukweli. Mkewe Leonore anavaa nguo za kiume, anajiita Fidelio, na kupata kazi kwa bwana jela. Pizarro, mkuu wa gereza, anaposikia kwamba waziri anakuja kukagua, anashuka na kisu ili amwue mfungwa wake. Leonore anasimama kati yao na kumwambia amwue mke kwanza. Hapo tarumbeta inalia, maana waziri amewasili.

Ni huyu waziri, Don Fernando, ninayeomba tumtazame kwa makini. Wafungwa hawajikomboi, wanakombolewa na mjumbe wa mfalme, na kwa sababu hiyo mtawala yeyote aliyeketi ukumbini anaweza kujiona yeye ndiye mkombozi, na kumwona Pizarro kuwa ni adui yake. Mwaka 1814, Beethoven alipokwisha kuirekebisha mara ya mwisho, opera hii ilionyeshwa mbele ya wafalme waliokutana Vienna kuipanga upya Ulaya baada ya kushindwa kwa Napoleon. Mwezi Machi 1938, siku chache baada ya Hitler kuitwaa Austria, Göring, msaidizi wake mkuu, naye aliitazama katika jumba la Opera ya Taifa mjini humo. Mwandishi Mjerumani Thomas Mann, akiandika mwaka 1945 kutoka uhamishoni Marekani, aliuliza kwa uchungu iliwezekanaje isipigwe marufuku katika Ujerumani ya Himmler, mkuu wa polisi wa Hitler. Nauheshimu uchungu huo, lakini naona kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, na mlango huo ni waziri. Jumba hilohilo la Vienna, lililoharibiwa kwa mabomu mwaka 1945, lilifunguliwa tena kwa Fidelio mwezi Novemba 1955, na kiongozi wa okestra alikuwa Karl Böhm, mtu aliyestawi chini ya utawala wa Wanazi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mtawala hapati kiti. Katika sehemu ya kwanza wafungwa wanaruhusiwa kutoka uani kwa muda mfupi. Wanaanza kuimba chini chini, sauti moja ikiifuata nyingine, kama watu waliosahau namna ya kuvuta pumzi, wakiisifu hewa. Kisha mmoja wao anawaonya wenzake waseme polepole, kwa kuwa kuna masikio na macho yanayowapeleleza.

Tarehe 7 Oktoba 1989, siku Ujerumani Mashariki ilipotimiza miaka 40, mwongozaji Christine Mielitz aliizindua Fidelio yake katika jumba la opera la Semperoper mjini Dresden, nchini humo. Siku tatu kabla, treni zilizobeba kutoka Prague raia wa nchi hiyo waliokuwa wakikimbilia Ujerumani Magharibi zilikuwa zimepita mjini humo, na maelfu ya watu walipambana na polisi kwenye stesheni. Jukwaani kulikuwa na uzio wa seng'enge, na wafungwa walivaa nguo za kawaida, zilezile ambazo mtu angeweza kuziona barabarani. Onyo lile la masikio na macho liliimbwa mbele ya watu walioishi miaka yote wakijua kwamba jirani yao huenda anawaandikia polisi wa siri taarifa juu yao. Kwaya ilipomaliza, makofi yalilipuka na onyesho likasimama, ilhali waziri alikuwa bado hajafika.