Ukimya Kabla ya Kiitikio: Jinsi Wimbo Mmoja wa Kuagana Ulivyotengenezwa na Kupokewa

Wenyeji wangu na ninyi nyote mliofika, nimeombwa nieleze namna wimbo wa mapenzi unavyotengenezwa hadi ukapendwa na umma, nami nimeona heri nichukue wimbo mmoja ambao sina shaka kila aliyemo humu ukumbini amewahi kuusikia, yaani I Will Always Love You. Wengi husema kilichoubeba ni koo la Whitney Houston. Koo lile lilikuwa na nguvu za ajabu, sikatai, lakini ninaamini wimbo huu ulifika mbali zaidi kwa yale ambayo waliouhudumia waliyazuia hadi wakati wake ulipowadia.

Dolly Parton, mwimbaji wa kantri, yaani muziki wa asili ya mashambani wa Marekani, aliutunga mwaka 1973, alipokuwa akijiandaa kuagana na mwimbaji mwenzake Porter Wagoner, ambaye alikuwa amemwingiza katika kipindi chake cha televisheni mwaka 1967. Kilichokuwa kikivunjika hapo ni ushirika wa kazi, wala si ndoa. Wimbo ulishika namba moja katika chati ya muziki wa kantri mwaka 1974. Elvis Presley naye akataka kuurekodi, lakini meneja wake, Colonel Tom Parker, alishikilia kwamba sharti kwanza Parton atoe nusu ya haki za uchapishaji, yaani haki za kupata mapato ya utunzi wake. Kuimbiwa wimbo wako na Elvis ilikuwa bahati ya mtende, na Parton amesimulia kwamba alilia usiku kucha. Hata hivyo alikataa. Kwa hiyo wimbo ulipokuja kuimbwa na Houston, mirabaha, yaani malipo ya utunzi, ilimrudia mwenyewe.

Mwaka 1992 ilipokuwa ikitengenezwa filamu ya The Bodyguard, wimbo mwingine wa zamani ndio uliokuwa umekusudiwa, lakini filamu nyingine ikawatangulia kuutumia. Kevin Costner, aliyeigiza pamoja na Houston, akapendekeza wimbo wa Parton, tena akasisitiza uanze kwa sauti tupu, bila ala yoyote. Mtayarishaji David Foster hakulipenda wazo hilo, na ilihofiwa kwamba redio hazingeupiga wimbo unaoanza hivyo. Ukiusikiliza leo, takriban sekunde 40 za mwanzo ni Houston peke yake, anayavuta maneno taratibu kama mtu anayezungumza na mwenziwe mlangoni, na pumzi zake zinasikika.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ulipo ufundi wenyewe. Foster alikuwa akifanyia kazi toleo la wimbo huo lililoimbwa na Linda Ronstadt, mwimbaji mwingine wa Marekani, ambalo halikuwa na ubeti wa mwisho. Alipompigia simu Parton kumweleza habari za kurekodiwa upya kwa wimbo, Parton alimwambia kwamba upo ubeti wa tatu, akampa maneno yake. Ubeti huo ni dua: anayeondoka anamwombea anayebaki maisha mema, furaha, na zaidi ya yote upendo. Katika toleo la Houston, baada ya saksafoni ya Kirk Whalum, dua hiyo inaimbwa kwa upole, ala zinapungua, kisha kila kitu kinanyamaza. Ngoma inapigwa kishindo kimoja, ufunguo unapanda, yaani wimbo mzima unahamia sauti ya juu zaidi, na sauti iliyokuwa imezuiwa muda wote huo inaachiwa. Ubeti ule ukiondolewa, ukimya hauna cha kusubiri, na kishindo kinabaki kelele. Nimesikia waimbaji wengi wakijaribu wimbo huu katika mashindano, nao huanza kupaza sauti tangu mstari wa pili. Wakifika kwenye kishindo wameshamaliza akiba.

Watu waliupokea kwa namna isiyo ya kawaida. Nchini Marekani ulikaa namba moja wiki 14, na Uingereza wiki 10. Katika tuzo za Grammy za mwaka 1994 ukawa Rekodi ya Mwaka. Huku kwetu nimeusikia kwenye harusi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, maharusi wakikata keki huku mwimbaji akiaga kwamba anaondoka kwa kuwa akibaki atakuwa kikwazo. Siwalaumu, kwa sababu kiitikio kina nguvu kiasi cha kuzifunika beti zake, lakini inaniuma kidogo kwamba dua ile nzuri hupita bila kusikilizwa.

Houston alifariki tarehe 11 Februari 2012. Ibada ya mazishi ilifanyika Newark, katika kanisa la New Hope Baptist, alikoimba kwaya tangu utotoni chini ya mama yake, Cissy Houston. Ibada ilipokwisha na jeneza likainuliwa kutolewa nje, waliopiga muziki waliuweka wimbo huu, na waombolezaji waliokuwa wamesimama walimsikia akiaga kwa sauti yake mwenyewe.